Baruti Nayo Huzeeka: Fundisho la Mbagala na Gongo la Mboto

Unga ukikaa sana ghalani huingia fukusi, samli huvunda, na dawa ya hospitali huandikwa ubavuni mwa chupa siku ya mwisho wa kutumika kwake. Mambo haya kila mwenye nyumba anayajua na huyafuata. Lakini kipo kitu kimoja ambacho wengi wetu hudhani hakina umri, nacho ni baruti. Mtu huirithi kwa babu yake ikiwa katika kibuyu au mkebe, akaiweka darini, akaamini kwamba maadamu haijaguswa na moto basi imelala. Dhana hiyo si ya wanavijiji peke yao. Hata mataifa yenye majeshi makubwa na wanakemia hodari yaliwahi kuiamini, nayo yakalipa kwa roho za watu.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa kirefu. Tunawasemesha wasomaji wetu wa visiwani na wa mwambao, na pia watumishi wa Serikali ambao wamekabidhiwa dhamana ya maghala, ya ardhi na ya usalama wa raia. Twaamini kuwa jambo lenyewe si la askari tu. Ni la kila aliye na paa juu ya kichwa chake.

JUMATANO MBILI

Siku ya Jumatano, tarehe 29 Aprili 2009, kabla ya saa sita mchana, ghala la mabomu katika kambi ya Jeshi la Wananchi iliyoko Mbagala, wilayani Temeke, lililipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka kuta. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo watoto waliozama mtoni walipokuwa wakikimbia, kwa maana bomu huua kwa chuma chake na huua pia kwa hofu yake.

Haikutimia miaka miwili. Siku ya Jumatano nyingine, tarehe 16 Februari 2011, usiku wa mapema, maghala ya kambi ya Gongo la Mboto, wilayani Ilala, nayo yakalipuka. Maghala 23 yaliteketea. Makombora yaliruka hewani na kuangukia makazi ya watu mbali na kambi, uwanja wa ndege wa kimataifa ulifungwa kwa muda, na maelfu ya wananchi walikesha nje, wengi wao wakipewa hifadhi katika Uwanja wa Uhuru. Hapa tena watu zaidi ya 20 walifariki dunia. Wazazi walizunguka siku kadhaa wakiwatafuta watoto waliopotezana nao gizani.

Safu hii si mahakama, wala haikusudii kumhukumu mtu. Waziri wa Ulinzi wa wakati ule, Dkt. Hussein Mwinyi, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa Rais wa Zanzibar, pamoja na wakuu wa Jeshi, walisimama mbele ya wananchi na kueleza yaliyotokea, na wataalamu wa Jeshi walifanya kazi ya hatari ya kuyaokota mabaki katika viwanja na mashamba ya watu. Lakini kazi ya gazeti ni kukumbusha. Tukisahau, msiba uliopita huwa ni hasara tupu. Tukikumbuka, huwa ni somo lililonunuliwa kwa bei ghali. Nalo somo lenyewe haliwezi kueleweka mpaka kwanza tujue baruti ni kitu gani, na siku zikipita huwa inafanya nini ndani ya mkebe wake.

BARUTI MBILI, TABIA MBILI

Baruti ya kale, ile nyeusi iliyojazwa katika magobore ya mababu zetu, ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa na kiberiti cha unga. Katika kila sehemu 100, takriban 75 ni shura, 15 ni makaa na 10 ni kiberiti. Baruti hiyo ikikaa pakavu haiozi. Iliyofungwa vyema yaweza kukaa miaka mingi mno na bado ikawaka kama iliyotengenezwa jana. Adui yake ni unyevu. Shura huvuta maji yaliyomo hewani, baruti ikashikamana mabonge, na nguvu yake ikapungua. Hapo ndipo mwindaji asiye na subira huianika juani, au mbaya zaidi karibu na jiko, akidhani ameiponya. Lililo kweli ni kwamba baruti iliyolowa haitabiriki tena, kwani shura imekwisha kujitenga na wenzake. Lakini ikikauka, cheche moja tu yatosha kuilipua yote. Kwa hiyo baruti nyeusi kuukuu ni dhaifu bundukini na bado ni hatari nyumbani.

Baruti ya pili ni ile isiyo na moshi mwingi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliivumbua mwaka 1884. Hiyo ndiyo iliyomo katika risasi za leo na katika mizinga mingi. Hutengenezwa kwa pamba au mbao iliyotiwa katika tindikali kali mpaka ikageuka kuwa nitroselulosi. Alfred Nobel alitengeneza ya kwake mwaka 1887, na Waingereza wakafuatia mwaka 1889 na ile yenye umbo la nyuzi waliyoiita kodaiti.

Tabia ya baruti hii ni kinyume cha ile ya kwanza. Nyeusi hulala; hii hailali kamwe. Tangu siku inapotoka kiwandani huanza kujivunja yenyewe pole pole, nayo huzaa hewa kali za nitrojeni. Hewa hizo zikichanganyika na unyevu huwa tindikali, na tindikali hiyo hurudi kuila baruti, ikavunjika kwa kasi zaidi, ikazaa hewa nyingi zaidi na joto zaidi. Ni mfano wa deni lenye riba: riba huzaa riba. Iwapo rundo ni kubwa na joto halina pa kutokea, itafika siku baruti hiyo itajiwasha yenyewe, pasipo kiberiti, pasipo sigara, pasipo mkono wa adui.

Wafaransa walijifunza hayo kwa machozi. Tarehe 12 Machi 1907, manowari yao iitwayo Iéna ililipuka ikiwa bandarini Toulon, na mabaharia zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 25 Septemba 1911, katika bandari hiyo hiyo, manowari Liberté ikalipuka, na safari hii waliokufa walizidi 200. Hapakuwa na vita. Lawama iliangukia baruti iliyozeeka ndani ya matumbo ya meli hizo. Kutokana na misiba ya namna hiyo, mataifa yalilazimika kuzingatia mambo mawili. La kwanza ni kutia katika baruti dawa ya kuituliza, hasa ile iitwayo difenilamini, ambayo huzimeza hewa kali kabla hazijaleta madhara. La pili ni kuipima baruti kila baada ya muda, ili ijulikane dawa hiyo imebaki kiasi gani. Maana dawa nayo huisha. Ikiisha, baruti hubaki uchi.

JOTO LETU NA MAGHALA YETU

Sasa na tuitazame hali ya nchi yetu. Umri wa baruti hauandikwi kwa miaka peke yake. Huandikwa pia kwa joto. Kanuni inayojulikana na wanakemia ni kuwa joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kuvunjika kwa namna hii huongezeka kasi mara mbili au zaidi. Hivyo baruti ambayo katika nchi ya baridi ingekaa miaka mingi bila wasiwasi, katika mwambao wetu huweza kuzeeka kabla ya wakati wake. Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, hewa ya kivulini hupita nyuzi 30 mchana, na unyevu wa bahari haupungui. Ghala la bati lisilo na dari wala matundu ya hewa hupata joto kubwa zaidi kuliko la nje. Visiwani nako, Unguja, Pemba na Mafia, chumvi ya upepo huongeza kutu juu ya vyuma, na mkebe uliokula kutu hupitisha unyevu.

Tarehe 22 Machi 2007, ghala la Malhazine jijini Maputo, kwa jirani zetu wa Msumbiji, lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Joto kali la siku ile lilitajwa na wakuu wa nchi hiyo kuwa miongoni mwa sababu. Maputo ni mji wa mwambao wa Bahari ya Hindi kama wetu, na watu wake wamejenga kama tulivyojenga sisi, nyumba zikisogea mwaka hata mwaka mpaka ukutani mwa kambi.

Wala si Maputo tu. Lagos, tarehe 27 Januari 2002, moto ulienea hadi ghala la kambi ya Ikeja, na waliokufa walizidi 1,000. Wengi wao hawakuuawa na mabomu bali walizama katika mfereji walipokuwa wakikimbia gizani. Brazzaville, tarehe 4 Machi 2012, mtaa mzima wa Mpila uliangamia. Bata, katika Gine ya Ikweta, tarehe 7 Machi 2021, ikawa vivyo hivyo. Watafiti wanaoweka hesabu ya milipuko ya maghala ya silaha duniani wamekwisha kuandika zaidi ya 600 tangu mwaka 1979. Msomaji atambue kwamba idadi hiyo si ya milipuko ya vita. Ni ya maghala yaliyolipuka yenyewe, au kwa uzembe, au kwa moto mdogo ambao ungezimwa mapema.

NANI ALIYEMSOGELEA MWENZIWE?

Baadhi ya watu husema kwamba kosa ni la wananchi waliojenga karibu na kambi. Wengine husema kosa ni la kambi iliyobaki katikati ya makazi. Sisi twaona kuwa maneno yote mawili yana nusu ya ukweli. Mwaka 1978, sensa ilihesabu watu 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2022, sensa ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3. Mbagala iliyokuwa mashamba ya mikorosho na minazi imekuwa mji. Kambi zilizowekwa nje ya jiji zilijikuta ndani yake bila ya kuondoka mahali pake. Mwananchi maskini aliyeuziwa kiwanja hakuonyeshwa ramani yoyote ya hatari, aliyemuuzia hakuulizwa, na ofisa aliyepita akaona misingi ikichimbwa hakusema neno.

Wataalamu wa silaha wanayo kanuni ya umbali, nayo imo katika miongozo ya kimataifa iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2011. Kwa maneno mepesi ni hivi: ukitafuta umbali wa kuiweka nyumba ya watu mbali na ghala la vilipuzi, huchukui uzito wa vilipuzi wenyewe, bali kipeuo chake cha tatu, ukakizidisha kwa 22.2. Ghala lenye kilo 1,000 lataka mita 222. Lenye kilo 8,000 lataka mita 444. Lenye kilo 27,000 lataka mita 666. Na huo ni umbali wa kukinga kishindo. Vipande vya chuma na makombora yanayoruka huweza kwenda mbali zaidi, kama walivyoshuhudia watu wa Gongo la Mboto.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili kwa ofisa wa mipango miji. Fundisho la kwanza ni kwamba umbali si jambo la kukadiria kwa jicho. La pili ni kwamba kuligawa ghala moja kubwa kuwa maghala madogo yaliyotengana husaidia sana, lakini kwa sharti kwamba yatenganishwe vya kutosha ili moja likiwaka lisimwamshe mwenziwe. Maghala yaliyosongamana ni sawa na vibanda vya makuti vilivyoezekwa bega kwa bega: kikiungua kimoja, vyote vimeungua.

KINONDONI, MACHIMBO NA BAHARI

Tukitoka Temeke na Ilala tukaenda upande wa kaskazini mwa jiji, tunakuta sura nyingine ya jambo hili hili. Huko Wazo na Kunduchi mawe na chokaa vimechimbwa kwa miaka mingi. Kiwanda cha saruji cha Wazo kimekuwapo tangu mwaka 1966. Machimbo huhitaji vilipuzi, na vilipuzi ni halali kwa mwenye kibali. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 iliweka masharti juu ya utengenezaji, uagizaji, usafirishaji na uhifadhi wake, na usimamizi wake uko chini ya wakuu wa madini. Lakini sheria huhifadhiwa na daftari. Ghala la machimbo ambalo halina daftari sahihi la kilichoingia, kilichotumika na kilichochakaa, lina milango miwili: mmoja wa mbele wenye kufuli, na mmoja wa nyuma usioonekana.

Ndugu zetu wa visiwani wanaujua mlango huo wa nyuma unakoelekea. Unaelekea baharini. Uvuvi wa baruti, ambao umepigwa marufuku kwa sheria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulivunja miamba ya matumbawe kuanzia Tanga hadi Mtwara, na ulisikika hata karibu na visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ambavyo vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Mlipuko mmoja huua samaki mkubwa na kifaranga chake, na mwamba uliochukua makumi ya miaka kukua huwa kifusi kwa dakika moja. Kuanzia mwaka 2015 vyombo vya dola vilipoungana katika msako, vishindo hivyo vilipungua sana, na kwa hilo wahusika wanastahili pongezi. Hata hivyo, mvuvi haramu hatengenezi kila kitu kwa mkono wake. Baruti kuukuu iliyosahauliwa katika pembe ya ghala ni rahisi kuibiwa kuliko mpya, kwa sababu hakuna aihesabuye. Ndipo tunaposema kuwa kuhesabu umri wa baruti na kulinda bahari ni kazi moja.

Wala wasomaji wetu wa Unguja wasidhani fikra ya kuidhibiti baruti ni ya kigeni. Katika mkataba wa biashara uliotiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833, kati ya Sayyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, wafanyabiashara wa Kimarekani waliruhusiwa kuuza bidhaa zao kwa uhuru, ila bunduki, baruti na risasi. Vitu hivyo, kisiwani Unguja, viliruhusiwa kuuzwa kwa Serikali tu. Sababu zake zilikuwa za kiutawala, lakini hekima yake yafaa hata leo: kitu cha namna hii sharti kiwe na mwenyewe anayejulikana, na mwenyewe huyo awe na jina katika daftari.

KWA MWENYE BUNDUKI NYUMBANI

Wapo raia wanaomiliki bunduki kwa leseni, wengine kwa kuwinda, wengine kwa kulinda mashamba. Nchi za Ulaya na Marekani wapo wengi wanaojaza upya maganda ya risasi kwa baruti ya mkebe, na kwetu bado yako magobore yanayojazwa baruti mdomoni. Kwao tunayo maneno machache, na tunaomba yasomwe kwa makini.

Baruti ibaki katika chombo chake cha kiwandani, chenye karatasi ya jina lake. Chombo hicho kimetengenezwa makusudi kiwe chepesi, ili kikishika moto kipasuke upesi bila kuubana. Anayeihamishia katika chupa nene ya kioo au bomba la chuma ameugeuza moto kuwa bomu. Baruti za namna mbili zisichanganywe hata chembe, kwa maana zinafanana kwa sura na kutofautiana kwa nguvu. Iandikwe siku iliponunuliwa, na iliyotangulia kuingia itangulie kutumika. Iwekwe pakavu, penye ubaridi, mbali na jiko, mafuta ya taa na mikono ya watoto. Isiwekwe darini chini ya mabati.

Dalili za uzee nazo zajulikana. Baruti nzima ya kisasa hunuka harufu kidogo kama ya spiriti. Ikinuka ukali wa tindikali unaochoma pua, au ukifungua mkebe ukaona moshi wa rangi ya hudhurungi, au vumbi jekundu kama kutu, au kifuniko kimeliwa na kutu kwa ndani, basi wakati wake umekwisha. Risasi ambazo shaba yake imeota ukijani, au zile za gobore la kisasa ambazo karatasi yake imevimba kwa unyevu, zisitiwe bundukini. Risasi dhaifu huweza kukwama ndani ya mtutu, na inayofuata nyuma yake huupasua mtutu mbele ya uso wa mpigaji. Na kwa wale wa machimbo: baruti ya fimbo, ile dinamiti, ikionekana imetoa jasho, isiguswe wala isisogezwe, aitwe mtaalamu.

Je, mtu aifanye nini baruti kuukuu? Asiichome uani, asiizike, asiitupe baharini wala chooni, na asimpe jirani. Atoe taarifa kituo cha Polisi, aeleze ilipo, na awaache wenye ujuzi waje waichukue. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala mambo haya. Umoja wa Afrika nao umeufanya mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, na Jeshi la Polisi letu limekwisha kutoa nafasi kama hiyo. Yule aliyerithi gobore na mkebe asione haya kuutumia mlango huo. Haya iliyo kubwa ni kuzika mtoto.

TUNAYOYAOMBA

Kwa Serikali tunayo maombi manne, nayo tunayatoa kwa heshima.

Kwanza, kila ghala la vilipuzi, liwe la ulinzi au la machimbo, liwe na daftari la umri: mwaka wa kutengenezwa, siku ya kupimwa mara ya mwisho, na siku ya kupimwa tena. Kilichopita wakati kiharibiwe kwa utaratibu, kabla hakijajiharibu chenyewe. Twafahamu kwamba kuharibu silaha kuukuu ni gharama, na pengine huonekana kama kutupa mali ya umma. Lakini bomu lisilofaa kupigwa si mali tena, ni deni. Nalo hudai kwa wakati lipendao.

Pili, watu wa ardhi na wa mipango miji waonyeshwe mipaka ya usalama, na mipaka hiyo iwekwe alama zinazoonekana na kila mtu. Pale ambapo wananchi wamekwisha kujenga, Serikali ichague moja kati ya mawili: kuhamisha ghala au kuhamisha watu kwa fidia ya haki na ya mapema. Malalamiko ya fidia ya Mbagala yaliyosikika kwa miaka yalionyesha kwamba fidia inayochelewa ni jeraha la pili.

Tatu, hatuombi kufunuliwa siri za ulinzi. Raia hana haja ya kujua katika ghala fulani mna mabomu mangapi na ya aina gani. Anachohitaji kujua ni kwamba yamekaguliwa. Kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi na usalama ipewe kila mwaka cheti cha ukaguzi wa maghala yote, na Bunge litangaziwe tu kwamba kazi imefanyika au haikufanyika. Ulinzi ni jambo la Muungano. Mzanzibari na mwenziwe wa Bara wana haki sawa ya kulisikia jibu hilo.

Nne, wakazi walio jirani na maghala wafundishwe la kufanya. Wajue njia ya kukimbilia na mahali pa kukutanika, na watoto wa shule wafundishwe kwamba chuma cha ajabu kilichookotwa shambani hakichezewi wala hakiuzwi kwa wanunua vyuma chakavu. Kule Lagos na hata hapa kwetu watu walikufa majini kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha wapi pa kupita.

Yako mambo ambayo mwanadamu hana uwezo nayo, kama tetemeko na tufani. Uzee wa baruti haumo katika hesabu hiyo. Hupimika, huandikika, na huzuilika kwa daftari, kwa kipimo cha maabara, kwa dari juu ya ghala na kwa kipande cha ardhi kilichoachwa wazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Mbagala na Gongo la Mboto wamekwisha kuzijenga kuta zao upya, wengi kwa jasho lao wenyewe. Haki yao kwetu sote ni kuwa nyufa zilizobaki, Bara na Visiwani, zizibwe sasa, wakati maghala yako kimya.